Waliofyatua Matofali: Nyumba ya Arlington na Maana ya Ukarabati

Sura ya tatu ya kitabu cha Nehemia ni moja ya sura ambazo wengi wetu huziruka tunaposoma Biblia. Haina muujiza wala hotuba. Ni orodha ya majina: fulani mwana wa fulani alijenga sehemu hii ya ukuta wa Yerusalemu, na baada yake fulani akajenga ile. Wamo makuhani, wamo wafua dhahabu, wamo watengenezaji wa manukato. Katika mstari wa 12 yumo Shalumu, aliyejenga pamoja na binti zake. Hata wakuu wa Tekoa, waliokataa kuinamisha shingo zao kwa kazi ile, wameandikwa katika mstari wa 5. Neno la Mungu halikuona hasara kutumia sura nzima ili tujue ni nani aliyejenga na ni nani aliyejitenga.

Sura hiyo inatufaa sana wakati huu ambapo sharika nyingi za Kanisa letu zinatimiza miaka 50, 75 au 100 na zaidi. Kamati za jubilei zinakarabati makanisa ya kale na nyumba za wamisionari, na kuandika historia zake. Katika kazi hiyo njema tunapaswa kujiuliza: kukarabati ni nini hasa? Je, ni kurudisha bati, rangi na vioo, au kuna kitu kingine kinachodai kurudishwa?

Ili kulijibu swali hilo tumeona vema tuitazame nyumba moja ya mbali, iliyopita katika utumwa, vita, makaburi na kukarabatiwa zaidi ya mara moja. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Kosa la mtu wa mbali huonekana upesi, na tukishalitambua kwake, itakuwa rahisi kulitambua kwetu.

Nyumba juu ya kilima

Nyumba ya Arlington iko katika jimbo la Virginia nchini Marekani, juu ya kilima kinachoutazama mto Potomac. Ng'ambo ya mto upo mji mkuu, Washington. Aliyeijenga ni George Washington Parke Custis, aliyelelewa na rais wa kwanza wa Marekani, George Washington, na mkewe Martha, ambaye alikuwa bibi yake mzaa baba. Martha alipofariki mwaka 1802, Custis alihamia katika shamba la eka 1,100 alilorithi na kuanza kujenga. Alitaka nyumba hiyo iwe ukumbusho wa Washington, na ndani yake akatunza vitu vingi vya rais huyo. Michoro ilitengenezwa na George Hadfield, Mwingereza aliyewahi kusimamia ujenzi wa jengo la Bunge la Marekani. Kazi ilikamilika mwaka 1818.

Aliyeko Washington akiinua macho huona nguzo nane kubwa mbele ya nyumba ile, kama za mahekalu ya Wayunani wa kale. Kwa mbali zinafanana na marumaru, lakini ni matofali yaliyopigwa lipu na kupakwa rangi hata yakaonekana kama jiwe la thamani. Matofali yenyewe yalifyatuliwa kwa udongo wa shamba lile lile, na waliofyatua walikuwa watumwa. Custis aliwamiliki watu karibu 200 katika mashamba yake matatu. Wapatao 63 kati yao waliishi Arlington alipofariki. Ndio waliokata miti, kuchoma matofali, kulima, kupika, kufua na kulea watoto wa nyumba ile, nao hawakulipwa ujira.

Tunaposoma habari hiyo tunamkumbuka nabii Yeremia. Katika sura ya 22, mstari wa 13, alitangaza ole juu ya mfalme anayejenga nyumba yake bila haki, akimtumikisha jirani yake bila kumlipa. Mstari unaofuata unaonyesha kwamba nyumba hiyo ilikuwa nzuri, yenye vyumba vipana, mbao za mierezi na rangi nyekundu. Nabii hakuukataa uzuri wake. Alichouliza ni nani aliyeulipia.

Nyumba ya sala, nyumba ya utumwa

Jambo linalotugusa zaidi sisi watu wa Kanisa ni kwamba nyumba ya Arlington ilikuwa nyumba ya sala. Mke wa Custis, Mary Fitzhugh Custis, alikuwa Mkristo wa Kianglikana mwenye bidii katika Neno na maombi. Yeye na binti yake, Mary Anna, waliwafundisha baadhi ya watumwa kusoma na kuandika, ili waweze kuisoma Biblia. Mwaka 1831 Mary Anna aliolewa humo na askari kijana aliyeitwa Robert E. Lee, ambaye naye alijulikana kwa uchaji wake.

Lakini katika nyumba hiyo hiyo mwanamke mtumwa aliyeitwa Arianna Carter alimzaa Maria, na baba wa mtoto alikuwa Custis mwenyewe. Mwanamke mtumwa hakuwa na nguvu ya kisheria ya kumkataa bwana wake, na mtoto alizaliwa mtumwa. Maria alipokua aliolewa na Charles Syphax, mtumwa wa nyumba ile. Baadaye Custis alimwacha huru, akampa eka 17 za ardhi ndani ya shamba, ila hakumwandikia hati. Mabinti wawili wa baba mmoja waliishi katika ardhi moja: mmoja mrithi wa nyumba, mwingine mwenye eka 17 zisizo na karatasi.

Wapo pia William na Rosabella Burke, ambao Lee aliwaacha huru mwaka 1853. Pamoja na watoto wao walivuka bahari wakaja Afrika, katika nchi ya Liberia. Huko William alisoma seminari, na mwaka 1857 akabarikiwa kuwa mchungaji wa Kipresbiteri. Mtu aliyehesabiwa kuwa mali juu ya kilima cha Arlington alisimama madhabahuni katika bara hili akiwahudumia watu wa Mungu. Kipawa cha uchungaji alikuwa nacho tangu alipokuwa mtumwa. Waliommiliki waliweza kumfundisha kusoma Injili, wasione kwamba Injili hiyo ilikuwa inawahukumu wao.

Tusije tukasema kwamba hayo yalikuwa ya Waanglikana. Walutheri wa Marekani nao waligawanyika katika vita iliyokuja, na wale wa Kusini wakaunda chombo chao wenyewe. Walikuwapo Walutheri waliopinga utumwa waziwazi, hasa Sinodi ya Franckean ya New York, ambayo mwaka 1839 ilimbariki Daniel Alexander Payne, kijana mweusi aliyesoma katika seminari ya Kilutheri ya Gettysburg. Lakini walikuwapo pia Walutheri waliomiliki watumwa, wakaimba nyimbo zile zile za Matengenezo na kushiriki Meza ile ile ya Bwana. Kusali peke yake hakukuwazuia watu kumkandamiza jirani.

Wosia

Custis alifariki mwaka 1857. Katika wosia wake aliagiza watumwa wake wawekwe huru ndani ya miaka mitano. Msimamizi wa mirathi alikuwa mkwe wake, Lee. Shamba lilikuwa na madeni, na wosia uliwagawia wajukuu wa kike fedha ambazo hazikuwapo, kwa hiyo Lee aliwabakiza watumwa kazini ili shamba lizalishe fedha hizo. Wenyewe waliamini kwamba bwana wao aliwaahidi uhuru mara atakapofariki.

Mwaka 1859 watatu kati yao, Wesley Norris, ndugu yake wa kike Mary na binamu yao, walitoroka kuelekea kaskazini. Walikamatwa katika jimbo la Maryland na kurudishwa. Mwaka 1866, akiwa mtu huru, Norris alitoa ushuhuda wake gazetini. Alisema kwamba wanaume walichapwa viboko 50 kila mmoja na Mary viboko 20, Lee akiwapo, na kwamba baada ya kipigo migongo yao ilioshwa kwa maji ya chumvi kwa amri yake.

Hatimaye Lee aliutimiza wosia. Tarehe 29 Desemba 1862 alitia sahihi hati ya kuwaweka huru, siku tatu tu kabla ya tangazo la Rais Abraham Lincoln la kuwaacha huru watumwa wa majimbo yaliyoasi. Historia ya kweli inayasema yote mawili, sahihi na viboko.

Vita na funguo

Mwezi Aprili 1861 vita ilianza kati ya serikali ya Marekani na majimbo ya Kusini yaliyojitenga ili kuulinda utumwa. Lee, aliyekuwa kanali, alikuwa amedokezewa nafasi ya kuliongoza jeshi la serikali. Tarehe 20 Aprili, akiwa katika nyumba ya Arlington, aliandika barua ya kujiuzulu, na siku mbili baadaye akaondoka kwenda kulitumikia jimbo lake la Virginia. Hakurudi kuishi pale tena. Mwezi Mei mkewe naye aliondoka, akiviacha nyuma vitu vingi vya thamani.

Funguo za nyumba alimkabidhi Selina Gray, mtumwa aliyezaliwa pale pale Arlington. Selina, mumewe Thornton na watoto wao wanane waliishi katika chumba kimoja cha nyumba za watumwa nyuma ya jumba lile. Tarehe 24 Mei jeshi la serikali lilivuka mto na kukitwaa kilima, kwa sababu mizinga ikiwekwa pale ingeweza kuipiga ikulu. Maofisa walikaa ndani na askari wakapiga mahema chini ya miti. Baada ya muda Selina aligundua kwamba vitu vya George Washington vilikuwa vinaibwa. Aliwakemea askari, kisha akampelekea Jenerali Irvin McDowell orodha ya vitu vilivyopotea. Jenerali aliamuru vilivyobaki vipelekwe mjini Washington vikatunzwe.

Hapa tunaombwa kutulia kidogo. Kwa sheria ya siku zile mwanamke huyu mwenyewe alihesabiwa kuwa kitu cha nyumba, kama viti na sahani alizozilinda. Hata hivyo, bwana wa nyumba alipokuwa ameondoka, bibi ameondoka, na askari wa serikali wanafungasha vitu mifukoni, mtumwa ndiye aliyesimama na funguo mkononi akiulinda urithi wa taifa ambalo halikumhesabu kuwa raia. Bwana wetu alifundisha juu ya wakili mwaminifu. Marekani ilimpata wakili huyo katika vibanda vya watumwa.

Makaburi bustanini, kijiji mtelemkoni

Serikali iliweka kodi juu ya ardhi za walioasi. Arlington ilidaiwa dola 92 na senti 7. Bi. Lee, aliyekuwa mgonjwa, alimtuma binamu yake alipe, lakini maofisa walikataa kwa kuwa mwenye mali hakufika mwenyewe. Mwezi Januari 1864 shamba lilipigwa mnada, na serikali ikalinunua kwa dola 26,800.

Wakati huo hospitali na makaburi ya Washington yalikuwa yamejaa. Tarehe 13 Mei 1864 askari wa kwanza, William Christman wa Pennsylvania, alizikwa Arlington. Mwezi uliofuata, kwa pendekezo la Jenerali Montgomery Meigs, mkuu wa ugavi wa jeshi, shamba likatengwa rasmi kuwa makaburi. Meigs alikuwa mzaliwa wa Kusini aliyewahi kufanya kazi chini ya Lee, na sasa alimwona kuwa msaliti. Aliagiza maofisa wazikwe kando ya bustani ya waridi ya Bi. Lee, ili familia isiweze kurudi kuishi pale. Mwaka 1866 mabaki ya askari 2,111 wasiojulikana yalizikwa katika kaburi moja karibu na bustani hiyo.

Mmoja wa waliochimba makaburi ya kwanza alikuwa James Parks, aliyezaliwa mtumwa katika shamba lile na kuwekwa huru mwaka 1862. Alibaki akifanya kazi katika makaburi hayo kwa miaka mingi.

Kwenye mtelemko wa kusini serikali ilianzisha mwaka 1863 kijiji cha watu waliowekwa huru, Freedman's Village. Kilikuwa na nyumba, shule, makanisa, hospitali na mahali pa kuwatunza wazee. Mhubiri mashuhuri Sojourner Truth, ambaye naye alizaliwa mtumwa, alifanya kazi pale. Kijiji kilikusudiwa kiwe cha muda, lakini kilidumu zaidi ya miaka 30. Waliofariki kabla ya kuionja nchi mpya walizikwa katika sehemu ya makaburi inayoitwa Sehemu ya 27. Wako zaidi ya 3,800, na juu ya mawe ya wengi kuna neno moja lenye uzito: raia.

Baada ya vita hesabu zilifanywa. Maria Syphax, aliyepoteza eka zake 17 kwa kuwa hakuwa na hati, alirudishiwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1866 baada ya mwanawe William kumpigania. Mtoto mkubwa wa Lee alishinda kesi katika Mahakama ya Juu mwaka 1882, na mwaka uliofuata serikali ilimlipa dola 150,000 kwa ajili ya shamba. Mwaka 1900 kijiji cha watu huru kilifungwa, na kwa madai ya wakazi wake wote zikatengwa dola 75,000, nusu ya alizolipwa mtu mmoja.

Ukarabati wa kwanza

Kwa miongo kadhaa nyumba ilibaki tupu, ikitumika kama ofisi na makazi ya msimamizi wa makaburi. Mwaka 1925 Bunge la Marekani liliamua ikarabatiwe irudi ilivyokuwa kabla ya vita, kwa heshima ya Lee. Mbunge aliyeongoza hoja hiyo, Louis Cramton, alitoka Michigan, jimbo la Kaskazini. Wakati huo watu wa Kaskazini na Kusini walikuwa wanatafuta mapatano, na Lee alikuwa amegeuzwa kuwa mfano wa mtu mwadilifu wa pande zote. Mapatano hayo yalikuwa na gharama yake: ndugu weupe wawili walipeana mikono kwa kukubaliana kutozungumza juu ya mtu wa tatu.

Lakini waliopewa kazi ya ukarabati walikwama. Vyombo vilitawanyika, kuta zilibadilishwa, na waliokuwa mabwana wa nyumba walikwisha kufariki. Ni nani aliyekumbuka mlango ulikuwa wapi, chumba kipi kilikuwa cha nani, kisima kilikaa upande gani? Walimwendea James Parks, mchimba makaburi, ambaye sasa alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 80. Alilikumbuka shamba hatua kwa hatua, akawaonyesha. Wakawaendea binti wanne wa Selina Gray, ambao walieleza habari za vyumba na samani kwa uangalifu mkubwa. Parks alifariki mwaka 1929, akazikwa kwa heshima za kijeshi katika ardhi ile ile aliyozaliwa mtumwa.

Hebu tuone ajabu hiyo. Nyumba ilirudishwa kwa kumbukumbu za watumwa na watoto wao, lakini hadithi iliyosimuliwa ndani yake ikawa ya jenerali na familia yake. Waliokumbuka hawakukumbukwa. Mwaka 1955 sheria nyingine iliifanya nyumba hiyo kuwa ukumbusho rasmi wa Lee. Kwa miaka mingi mgeni aliweza kuizunguka na kutoka akijua mengi juu ya ndoa ya 1831, bila kujua ni nani aliyefyatua matofali.

Ukarabati wa pili

Mwaka 2011 tetemeko la ardhi lilitokea Virginia na kuzitia kuta nyufa. Mwaka 2014 tajiri mmoja, David Rubenstein, alitoa dola milioni 12.35 kwa ajili ya matengenezo. Mwaka 2018 nyumba ilifungwa, na mwezi Juni 2021 ikafunguliwa tena. Safari hii mafundi hawakuishia kwenye jumba kubwa. Nyumba za watumwa nazo zilikarabatiwa, na maelezo yote ya makumbusho yakaandikwa upya. Sasa mgeni husikia habari za akina Syphax, akina Gray, akina Parks na akina Burke, pamoja na habari za akina Custis na Lee. Wazao wa waliomiliki na wazao wa waliomilikiwa wamekutana mle, wakaketi pamoja na kusikilizana. Wapo kati ya pande zote mbili wanaoomba jina rasmi la nyumba lisiendelee kuwa la Lee peke yake.

Ukarabati wa kwanza ulirudisha kuta. Ukarabati wa pili ulianza kurudisha watu. Kazi hiyo haijakwisha, lakini tofauti yake inaonekana.

Je, Amri ya Nane inasemaje?

Mtu anaweza kutupinga hapa kwa Katekisimo yetu. Katika maelezo ya Amri ya Nane, Luther anatufundisha tumtetee jirani, tumsemee mema na kuyaeleza mambo yake kwa upande ulio mwema. Kwa nini basi kufukua viboko vya mwaka 1859? Wahusika wamekwenda mbele za Hakimu wa wote. Si vema kuwaacha wapumzike?

Swali hilo ni zito na halistahili kupuuzwa. Jibu letu ni kwamba Wesley Norris naye ni jirani. Arianna Carter ni jirani. Kila tuliposema kwamba watumwa wa nyumba ile walitunzwa vema na kuridhika, tuliwashuhudia uongo watu ambao hawakuwa na kalamu ya kujibu. Amri ya Nane inamlinda jenerali asisingiziwe, na inamlinda pia aliyechapwa asifutwe. Tena Luther, katika Katekisimo Kubwa, anaeleza Amri ya Saba akisema wizi si kufungua sanduku la mtu tu, bali ni kila faida tunayojipatia kwa hasara ya jirani. Kwa kipimo hicho zile nguzo nane nyeupe zina habari ya kueleza.

Lakini lipo jibu la ndani zaidi, na hili ndilo la Kilutheri hasa. Katika Mdahalo wa Heidelberg wa mwaka 1518 Luther alitofautisha mwanatheolojia wa utukufu, anayeita ubaya wema, na mwanatheolojia wa msalaba, anayeliita jambo kwa jina lake halisi. Kwa nini mtu wa msalaba anaweza kufanya hivyo? Kwa sababu haki yake haitegemei sifa zake. Nabii Ezekieli, katika sura ya 13, anawakemea wanaoupaka chokaa ukuta dhaifu. Mtu hupaka chokaa kwa hofu: nyufa zikionekana, atakuwa nani? Tunaoamini kwamba mwenye dhambi huhesabiwa haki kwa neema, kwa njia ya imani, kwa ajili ya Kristo, tumeondolewa hofu hiyo. Babu zetu wa imani hawahitaji tuwapake rangi. Kama wameokolewa, wameokolewa kwa damu ya Yesu, na uongo wetu hauwaongezei kitu.

Sisi na nyumba zetu

Turudi nyumbani. Hapa Afrika Mashariki nasi tumekaa juu ya ardhi yenye kumbukumbu. Kanisa Kuu la Anglikana la Unguja limejengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Misafara ilipita Ujiji, Tabora na Bagamoyo, na waliouzwa waliuzwa mara nyingi na majirani, watu waliojua lugha yao. Tanganyika ilifuta hali ya utumwa kisheria mwaka 1922 tu. Kwa hiyo katika sharika zetu wamo wazao wa waliouzwa na wazao wa waliouza, wameketi benchi moja. Jambo hilo halisemwi, na pengine ndiyo sababu linaendelea kuuma kimyakimya, katika dharau ya ukoo fulani au katika posa inayokataliwa bila sababu kutajwa.

Tunazo pia nyumba zetu za kale: makanisa ya mawe, nyumba za misioni, mabweni ya shule za kwanza. Katika sharika nyingi wazee husimulia jinsi mama zetu walivyobeba mchanga na mawe vichwani. Bamba ukutani humtaja aliyeweka jiwe la msingi. Mara chache huwataja waliolibeba hadi pale.

Basi tunashauri mambo matatu kwa kamati za jubilei.

Kwanza, waulizeni wazee wangali hai. James Parks alihojiwa akiwa karibu na mwisho wa safari yake. Kila mwaka tunazika kumbukumbu ambazo hazikuandikwa. Tuwatume vijana wa kipaimara wakawasikilize bibi na babu zao, waandike majina ya mafundi, wapishi, wapagazi, wainjilisti wa mwanzo na wake zao.

Pili, tusiandike ushindi tu. Kama kulikuwa na kazi ya kulazimishwa, kama kulikuwa na mgawanyiko au mtu aliyefukuzwa bila haki, liandikwe kwa kiasi na kwa upendo, bila kumdhalilisha aliye hai. Usharika unaoungama kila Jumapili hauwezi kuwa na historia isiyo na dhambi.

Tatu, panapokuwa na deni, lilipwe. Maria Syphax hakuhitaji kusifiwa. Alihitaji eka zake 17. Zakayo, katika Luka 19, alipookolewa hakuishia kwenye kutubu kwa maneno. Kama uwanja wa kanisa una mpaka ambao familia fulani imeulalamikia kwa vizazi viwili, jubilei ni wakati mwafaka wa kukaa nao na kulimaliza jambo, kabla ya kununua rangi.

Siku ya kilele itakapofika, pamoja na kwaya na hotuba, asimame msharika mmoja asome sura ya tatu ya Nehemia yote, bila kuruka jina. Kisha asome orodha yetu wenyewe: waliofyatua, waliobeba, waliopika, waliochimba msingi. Itachukua muda, na wageni rasmi watasubiri. Yawezekana kwamba miongoni mwa watu waliosimama nyuma, karibu na mlango, mama mmoja atalisikia jina la bibi yake likitamkwa kanisani kwa mara ya kwanza.